Mulima wenye kuzungukwa: namna ya kuzuru Tiruvannamalai, muji mutakatifu wa Wahindu

Siku hizi kuna mapadri na waseminari wa kwetu wanaotumwa kusoma katika inchi ya Uhindi. Mbele ya kusafiri wanauliza: «Kule penye mahekalu mengi, tunaweza kuingia? Na tukiingia, tutazame nini?» Wengine wanaogopa, wakiona munara wa hekalu wanapita njia ya mbali. Wengine hawaogopi kitu: wanaingia, wanapiga foto mia, wanatoka, na hawakuona neno. Maulizo haya yanastahili jibu. Nami nitajaribu kuyajibu kwa mufano wa muji mumoja tu, Tiruvannamalai, kwa maana nilifika pale mara tatu wakati wa masomo yangu.

1. Muji na mulima wake

Tiruvannamalai iko kusini mwa Uhindi, katika jimbo la Tamil Nadu, mbali na muji mukubwa wa Chennai karibu kilometri 190. Mutu anafika kwa bisi au kwa gari la moshi. Mbele hajaona nyumba hata moja, anaona mulima. Uko peke yake katikati ya inchi ya tambarare, urefu wake karibu metri 800 juu ya bahari, mawe mengi na majani makavu. Anayetoka kwenye milima yetu ya Kivu atasema: «Huu ni kilima tu.» Nami nilisema vile siku ya kwanza.

Lakini hapa ni lazima tutofautishe mambo. Katika miji mingi mitakatifu ya Wahindu, mulima au muto unapamba hekalu. Katika Tiruvannamalai hekalu ndilo linalopamba mulima. Mulima unaitwa Arunachala: aruna ni wekundu wa mapambazuko, achala ni kitu kisichotikisika. Kwa kitamil wanauita Annamalai. Na tiru, mwanzoni mwa jina la muji, maana yake ni takatifu. Kwa Muhindu mwenye kumwabudu Shiva, mulima huu si nyumba ya Shiva, wala si alama yake tu. Ni Shiva mwenyewe. Asiyeshika neno hili hataelewa kitu cho chote katika muji ule: hatajua kwa nini watu wanauzunguka mulima, wala kwa nini wengi wanavua viatu kwenye barabara ya gari.

2. Hadisi ya nguzo ya moto

Wanasimulia hivi. Siku moja Brahma na Vishnu walibishana: nani kati yao ni mukubwa? Mara nguzo ya moto ikatokea katikati yao, haina mwanzo wala mwisho. Wakapatana: atakayeona ncha yake, huyo ndiye mukubwa. Vishnu akajigeuza nguruwe wa pori, akachimba kwenda chini. Brahma akajigeuza ndege, akaruka kwenda juu. Wakasafiri muda murefu sana. Vishnu alichoka, akarudi, akakubali: «Sikuona mwisho.» Brahma naye hakuona mwisho. Lakini katika kuruka alikutana na ua lililokuwa likianguka toka juu, akalipanga liwe shahidi wake, akarudi na kusema: «Nimeona ncha.» Ndipo Shiva akatokea katika nguzo, maana moto ule ulikuwa yeye, akafunua uongo. Brahma akapewa azabu: hatakuwa na mahekalu kati ya watu. Na kweli, katika Uhindi yote mahekalu ya Brahma ni machache sana. Lenye kujulikana zaidi liko Pushkar, mbali kule kaskazini. Kiisha, kwa sababu watu hawakuweza kuvumilia mwangaza ule, Shiva akapoza moto wake, ukawa mulima.

Wandugu, sisi hatusadiki hadisi hii kama tunavyosadiki Injili. Lakini tuisikilize vizuri. Si kosa la Brahma kwamba alishindwa kuona. Vishnu pia alishindwa, naye akaheshimiwa. Kosa la Brahma ni kusema ameona, naye hakuona. Ni zambi ya mutu wa dini, zambi ya mwalimu, hata ya padri. Nawaomba muweke hadisi hii akilini, tutairudia.

3. Hekalu

Hekalu linaitwa Arunachaleswara, ao Annamalaiyar kwa kitamil. Liko chini ya mulima, upande wa mashariki, na kiwanja chake ni karibu hektari 10. Ni moja kati ya mahekalu matano yanayopewa asili tano za dunia. Kanchipuram ni udongo. Tiruvanaikaval, karibu na Tiruchirappalli, ni maji. Kalahasti, katika jimbo la Andhra Pradesh, ni upepo. Chidambaram ni anga. Tiruvannamalai ni moto.

Kuta zinafuatana moja ndani ya ingine, na penye milango kuna minara inayoitwa gopuram. Ile ya mashariki ndiyo kubwa kupita zote: orofa 11, urefu metri 66. Ilianzishwa na mufalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara, aliyetawala toka 1509 mpaka 1529, na ikamalizwa na Sevappa Nayaka, mutawala wa Thanjavur. Munara wa kaskazini una jina la Ammani Amman, mwanamke mutawa. Wanasimulia kwamba aliombaomba sadaka nyumba kwa nyumba mpaka ulipomalizika. Basi mufalme alijenga, na mwanamke masikini naye alijenga, na leo watu wanapita chini ya minara ile miwili bila kuuliza nani alitoa zaidi.

Kiisha kuvua viatu na kupita mulango wa mashariki, mutaona upande mumoja baraza la nguzo 1000, na upande mwingine birika kubwa la maji lenye ngazi za mawe. Chini ya baraza lile kuna chumba cha giza kinachoitwa Patala Lingam, tutakisema tena. Endeleeni mbele. Hapa muangalie jambo ambalo wenye haraka hawalioni: kadiri munavyoingia ndani, minara inakuwa mifupi. Kule nje kuna minara ya kutisha, yenye sanamu nyingi. Ndani kuna munara mudogo wa kale unaoitwa munara wa kasuku. Taa zinapunguka, dari inashuka. Na mwisho kabisa, chumba kidogo cha mawe, bila dirisha, na ndani yake jiwe la mviringo lililosimamishwa, ndilo lingam, alama ya Shiva asiye na sura. Kuhani analimwagia maziwa na maji, analivika maua, kiisha anazungusha mbele yake moto wa kafuri. Moto unawaka muda kidogo tu. Watu wanaona, wanaunganisha mikono, moto unazimika.

Kitendo hiki wanakiita darshan. Kwa luga yetu tungesema «kuona», lakini haitoshi. Muhindu hasemi tu kwamba amekwenda kumwona Shiva. Anasadiki kwamba Shiva naye amemwona. Ni kuonana. Kwa hiyo mutu anaweza kusafiri usiku kucha, kusimama katika mustari saa tatu, kuona moto wa kafuri kwa nukta chache, na kurudi kwake na furaha. Mutalii anaondoka akisema: «Hapana kitu cha kuona pale, ni giza.» Ni kweli, aliyekuja kutazama tu hapati kitu.

Neno moja la adabu. Katika mahekalu mengi ya Tamil Nadu, asiye Muhindu anasimama penye mulingoti wa bendera, hapiti tena. Pengine wanamuachia apite. Usibishane: muulize mulinzi, utii jibu lake. Hata sisi hatumpi kila mutu ruhusa ya kupanda altareni. Na foto zisipigwe ndani.

4. Njia ya kilometri 14

Sasa tutoke hekaluni. Ibada kubwa ya Tiruvannamalai inafanyika barabarani, nayo inaitwa girivalam, ndiyo kuuzunguka mulima. Njia ni kilometri 14. Mutu anatembea pekupeku, mulima ukiwa siku zote kwa mukono wake wa kuume, kama vile saa inavyozunguka. Wanatembea upande wa kushoto wa barabara, kwa maana wanasema upande ulio karibu na mulima ni wa miungu na watakatifu wasioonekana. Siku zote kuna watu. Lakini usiku wa mwezi kamili wanakuja kwa malaki, toka mangaribi mpaka asubui.

Njiani kuna mahekalu madogo 8 yenye lingam, moja kwa kila upande wa dunia: Indra mashariki, Agni kusini-mashariki, Yama kusini, Niruti kusini-magaribi, Varuna magaribi, Vayu kaskazini-magaribi, Kubera kaskazini, Isanya kaskazini-mashariki. Mbele ya Kubera, mwenye mali, mustari ni murefu kuliko kwingine. Wanadamu ni wale wale po pote. Upande wa nyuma wa mulima kuna hekalu la Adi Annamalai, na pale, mbali na makelele ya muji, mulima una sura ingine kabisa.

Nilitembea njia ile usiku mumoja wa mwezi kamili pamoja na padri mwenzangu, Mutamil, ambaye babu zake walikuwa Wahindu. Barabara ina lami na taa, ina wauza chai, wauza plastiki, waombaji, na takataka nyingi. Mutu asifikiri kwamba ni paradizo. Kiisha saa mbili za kutembea nyayo zangu zilikuwa zikiuma. Nikamuuliza mwenzangu: «Padri, kwa nini hawapandi mulima? Wanazunguka tu?» Akanijibu: «Ndugu, kitu unachopanda unakiweka chini ya miguu yako.» Hakuongeza neno.

5. Mapango na wakaaji wake

Ubavuni mwa mulima, upande wa muji, kuna mapango ambayo watawa wa Kihindu walikaa tangu zamani. Aliyejulikana kupita wote ni Ramana Maharshi. Alizaliwa 1879 katika kijiji cha Tiruchuli. Akiwa na miaka 16 alitoroka nyumbani kwao, akafika Tiruvannamalai tarehe 1 Septemba 1896, wala hakuondoka tena mpaka kufa kwake tarehe 14 Aprili 1950. Mwanzoni alikaa ndani ya Patala Lingam, kile chumba cha giza nilichokisema. Wadudu walimuuma mapaja naye hakusikia, ikawa lazima watu wamutoe kwa mikono. Kiisha alikaa miaka mingi katika pango la Virupaksha, na nyuma yake katika Skandashram, juu kidogo. Mama yake alikuja kukaa naye, akafa 1922, na kando ya kaburi lake ashram ya leo ikaanza. Mafundisho ya Ramana yalikuwa mafupi: mutu ajiulize bila kuchoka, «Mimi ni nani?» Mara nyingi alifundisha kwa kunyamaza.

Mapango yale mawili yanaweza kuzuriwa kwa muguu, kwa njia ya mawe inayopanda toka ashram. Ndani ni kunyamaza tu. Mupande asubui mapema, maana mawe yanachoma muchana.

Na hapa Ekleziya inaingia katika habari yetu. Katika Januari 1949 mapadri wawili Wafaransa walifika kumwona Ramana: Jules Monchanin, na Henri Le Saux, mumonaki Mubenedikto wa Kergonan. Mwaka 1950 wao wawili walianzisha ashram ya Kikristu ya Shantivanam, kando ya muto Kaveri. Monchanin alikufa 1957. Le Saux, aliyepewa jina la Abhishiktananda, alirudi mara nyingi Arunachala katika miaka ya 1950, akakaa siku nyingi katika mapango, pekee, katika sala na kunyamaza. Daftari lake, lililochapwa kiisha kufa kwake katika 1973, linaonyesha namna gani roho yake iliumia: hakutaka kumuacha Kristu, wala hakuweza kusema kwamba aliyoyaona mulimani ni bure. Wengine walimusifu, wengine walimushuku. Mimi sitamuhukumu. Nasema hili tu: hakusema ameona ncha ya nguzo.

6. Moto juu ya mulima

Katika mwezi wa kitamil wa Karthigai, yaani Novemba ao Desemba, kuna sikukuu ya siku 10. Siku ya mwisho, mapema sana mbele ya mapambazuko, wanawasha taa ndani ya hekalu. Mangaribi, karibu saa 12, wanawasha moto kwenye kilele cha mulima, katika sufuria kubwa ya shaba iliyojaa samli, ndiyo mafuta ya siagi, tani kadhaa. Watu wote wa chini wanapaza sauti. Moto ule unaonekana mbali sana, na unaendelea kuwashwa kila usiku kwa siku nyingi. Kwa usiku ule mulima unarudi kuwa nguzo ya moto, kama katika hadisi.

Lakini mulima si moto tu, ni udongo pia. Tarehe 1 Desemba 2024, kiisha mvua kubwa ya kimbunga Fengal, udongo na mawe viliporomoka juu ya nyumba zilizojengwa ubavuni mwake. Watu 7 walikufa, na wengi wao ni watoto. Sikukuu ilikuwa karibu. Wataalamu wa udongo wakapanda kupima. Serikali ikakataza makundi ya waabudu kupanda, na tarehe 13 Desemba wenye kubeba sufuria na samli ndio walioruhusiwa. Moto ukawaka, na kule chini kulikuwa na matanga. Masikini wanajenga pale kwa sababu hawana kiwanja kingine. Jambo hili tunalijua vizuri sisi wa Bukavu, ambao kila musimu wa mvua tunazika watu wa maporomoko. Mwenye kuzuru muji mutakatifu asitazame minara peke yake. Atazame na nyumba zilizo nyuma yake.

7. Jibu kwa maulizo

Turudi sasa kwa maulizo ya mwanzo. Mukristu anaweza kuingia? Tutofautishe tena. Kuabudu ni jambo moja, kuheshimu ni lingine. Sisi hatuabudu mulima. Tunasadiki kwamba Mungu aliumba milima yote, na kwamba Neno wake alifanyika mutu. Neno hili halibadiliki mutu akivua viatu. Lakini Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika tangazo Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unawataja Wahindu kwa jina, na unafundisha kwamba Ekleziya haikatai kitu kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Basi mutu anaweza kuingia kama mugeni: anatii sheria za nyumba, ananyamaza, hajifanyi muabudu, wala hachekelei.

Usiku ule wa mwezi, mama muzee mumoja alininyoshea majivu matakatifu ili nijipake usoni. Niliogopa. Nikaunganisha mikono, nikainama, nikasema kwa kitamil changu kibovu: «Mama, mimi ni padri wa Wakristu.» Alicheka kidogo, akaweka majivu katika paji lake mwenyewe, akanipa ndizi. Tukaendelea kutembea. Sikumudanganya, naye hakukasirika.

Na sasa nieleze kwa nini nimeandika haya. Nyuma ya kijiji chetu kuna mulima mumoja. Babu yangu alipopita chini yake alikuwa akinyamaza, na kofia mukononi. Nilipokuwa mutoto wa katekisimu, mwalimu alituambia: «Pale hapana kitu, ni shetani tu; mukipita mupige makelele, muonyeshe kwamba hamuogopi.» Siku moja nilipita pamoja na babu, nikapiga makelele. Hakunipiga, hakunigombeza. Alisimama, akanitazama, akaendelea na njia. Alikufa mbele sijamuuliza alikuwa akimuheshimu nani pale: mababu waliozikwa, ao Mungu mwenyewe, ambaye alimujua kwa jina la zamani mbele ya kuja kwa mapadri. Mwalimu wetu hakumuuliza pia. Alisema anajua, naye hakujua. Mimi nilirudilia maneno yake kama lile ua la Brahma.

Katika kilometri ya kumi hivi, penye giza, nilikumbuka ile siku. Nilitembea zilizobaki bila kusema neno, mulima ukiwa kwa mukono wangu wa kuume.

Basi, wandugu, mukifika Tiruvannamalai, ao muji mwingine kama ule, muvue viatu, mutembee polepole, muulize wenye nyumba. Wakati mutakaporudi kwetu, musiseme mumeona kila kitu. Museme yale muliyoyaona tu. Na kama wazee wenu wakingali wazima, muwaulize juu ya milima yetu mapema, wangali wanaweza kujibu.